Kitaliano cha Mjomba

Siku Mjomba aliporudi kutoka Italia, Mama aliniambia nitoe vitu vyangu chumbani. Hakuniuliza, aliniambia. Alisimama mlangoni na shuka mpya mkononi, akasema mtu aliyekaa Ulaya muda wote ule hawezi kulazwa sebuleni, watu watatuonaje. Nikamuuliza mimi nitalala wapi. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si kuna kochi," akasema.

Kochi lipo, sikatai. Lilikuwapo tangu kabla sijazaliwa, na springi zake zimekwisha kukata tamaa. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye karakana iliyo nyuma ya soko, kutwa nimeinama, na jioni mgongo wangu hutaka godoro. Lakini mgongo wenyewe ulikuwa wa hapahapa, haukuwahi kupanda ndege, kwa hiyo ukapewa kochi. Tangu siku hiyo sikuwa na mlango. Nilivaa nguo bafuni, nilisali jikoni, na kama nilitaka kulia, nilisubiri nyumba nzima itoke.

Mjomba ni mdogo wake Mama, wa tumbo moja. Alikuja na begi moja na koti. Koti lenyewe lilikuwa zito, la kijivu, la baridi ambayo sisi huku hatujawahi kuonana nayo, na alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba changu. Majirani walikuja kulitazama. Mama alikuwa akiufungua mlango kidogo, anawaonyesha, kisha anaufunga polepole ili koti lisisumbuke. Walipouliza ndugu yake alikuwa akifanya kazi gani huko, Mama alijibu, "Mambo ya kampuni." Mjomba mwenyewe alipoulizwa alisema, "Huku na huku," akajipukuta suruali isiyokuwa na vumbi, na watu wakaelewa kwamba wakubwa hawasemi siri za kazi. Mtaa ukampa jina la Mtaliano. Akalipokea bila kubisha, akawa anakaa kibarazani kila asubuhi na kikombe kidogo cha kahawa, anatazama wapita njia kama mtu aliyewahi kuona wapita njia bora zaidi.

Mimi nilimchukia kidogo, na sioni haya kusema. Si yeye hasa, ni ule ufunguo wa chumba uliokuwa ukining'inia kwenye mkanda wake. Kila alipopiga hatua ulilia, na kila ulipolia mgongo wangu uliitika.

Kisha wakala wa ajira akabandika tangazo kwenye ukuta wa duka la dawa. Wanatafutwa watu wa kutunza wazee nchini Italia, wawe na afya, wawe na subira, wajue Kitaliano kidogo. Chumba cha kulala kitatolewa. Nilisoma hapo, nikarudia hapohapo, na mengine yote nikayapita. Kumtunza mzee si kazi ya kunitisha. Nilimuuguza bibi yangu mpaka pumzi yake ya mwisho, najua kumgeuza mtu bila kumuumiza, najua kumlisha asipaliwe, najua hata kunyamaza anapokuita kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Nilichokuwa sina ni chumba. Chumba chenye mlango, na mlango wenye ufunguo upande wa ndani. Kama ilibidi kwenda Italia kukifuata, ningekwenda.

Kitaliano kidogo ndicho kilichobaki, na hapo mtaa mzima ukakumbuka kwamba una Mtaliano wake.

Mjomba alijaribu kukwepa. Alisema Kitaliano si lugha ya kukurupukia. Alisema koo la mtu mzima limekwisha kukauka, haliwezi. Alisema angependa kwanza kutafakari mbinu za kufundishia. Lakini Mama alikuwa ameshawaahidi watu, na Mama akishaahidi, hata mvua hujitahidi kunyesha. Darasa likapangwa jioni, mara mbili kwa wiki, sebuleni kwetu. Yaani kitandani kwangu.

Wanafunzi tulikuwa wanne. Kulikuwa na kinyozi wa pale kona, ambaye aliamini kwamba huko Ulaya kuna vichwa vingi visivyopata huduma. Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye hakutaka kwenda popote ila hakuweza kuvumilia kwamba kuna somo linafundishwa mtaani na yeye halijui. Kulikuwa na Mama Mapazia, anayeshona mapazia nyumba ya pili kutoka kwetu, ambaye alikuja kwa sababu wengine walikuja. Wote watatu walijibanza kwenye kochi, na mimi, mwenye kochi, nikakalia ndoo iliyofudikizwa.

Mjomba aliingia amevaa lile koti. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo, jasho likamtiririka mpaka kidevuni, lakini Mama alikuwa amemwambia kwamba bila koti atafanana na mtu yeyote.

"Leo," akasema, "tutajifunza kuuliza kama kitu kipo."

Mwalimu mstaafu akanyoosha kidole. "Samahani, mwalimu mwenzangu. Kwa kawaida lugha huanza na salamu."

"Salamu zitakuchelewesha," Mjomba akamjibu. "Mlango unafunguliwa kidogo tu, halafu unafungwa. Uliza kwanza."

Mwalimu mstaafu akatikisa kichwa kwa heshima, na Mama Mapazia akayaandika maneno hayo kiganjani kwa kalamu.

Tukaanza. *C'è lavoro?* Kuna kazi? *C'è un letto?* Kuna kitanda? *C'è una camera?* Kuna chumba? *C'è posto?* Kuna nafasi? *C'è acqua calda?* Kuna maji ya moto? Vikiwa vingi, mathalani mablanketi, unasema *Ci sono coperte?* Na ukifika mahali ukagonga na kukawa kimya, unauliza *C'è qualcuno?* Kuna mtu? Mjomba alitamka vizuri ajabu, bila kusitasita, kila swali limenyooka na kusuguka kama ngazi ya nyumba ya zamani. Alipomaliza maswali akatufundisha jibu. *Non c'è.* Hakuna. Akalirudia mara nyingi, nasi tukalirudia, mpaka likatoka bila kuvuja.

Hapo nikauliza. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka kujua tu. "Mjomba, na kama kitu kipo, wanajibuje?"

Alitazama nje ya dirisha, ambako hakukuwa na kitu ila uzio wa jirani na soksi zilizoanikwa juu yake.

"Kama kipo," akasema mwishowe, "utakiona. Maneno ni ya kitu kisichokuwapo."

Mwalimu mstaafu akavua miwani. "Hiyo," akasema kwa sauti ya chini, "ni falsafa." Kinyozi akaafiki, ingawa nadhani alifikiri falsafa ni aina ya Kitaliano. Mimi peke yangu nilibaki na swali langu mkononi, nikalikalia pamoja na ndoo.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Mjomba alikuwa mwalimu wa kuchekesha. Sehemu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa mwisho wa somo, tulipokuwa tukizunguka mmoja mmoja, kila mtu anauliza swali na yeye anajibu *Non c'è*. Hakulijibu kwa namna moja. Alikuwa na *Non c'è* ya bibi kizee anayechungulia kwenye upenyo wa mlango uliofungwa kwa mnyororo. Alikuwa na ya mwanamume anayetafuna, ya mama mwenye mtoto anayelia nyuma yake, ya kijana asiyetoa macho kwenye simu. Alikuwa na moja ya kidole tu, kinatikiswa dirishani bila sauti. Alikuwa na ya huruma, ya mtu aliyesikitika kweli, na hiyo aliimalizia kwa kufunga mlango wa hewani kwa mikono miwili, taratibu. Tulicheka mpaka Mama akaja na taa kuona kumetokea nini. Hata mimi nilicheka nikashika mbavu. Nikajisemea, huyu mtu angekuwa msanii.

Mtaa nao ukaambukizwa. Kinyozi alipoishiwa nyembe aliandika *Non c'è* kwenye karatasi akaibandika mlangoni, na wateja wakasimama kuisoma kwa staha kabla ya kuondoka. Mama Mapazia alipodaiwa pazia alilokuwa hajaligusa, alijibu hivyohivyo, na mwenye pazia akaenda zake ameridhika. Hata fundi bomba wa idara ya maji, ambaye hakuwa mwanafunzi, alijifunza kwa kusikia, na tulipomuuliza maji yatatoka lini alijibu *Non c'è* akapanda baiskeli. Kwa kawaida angetukanwa mpaka babu yake. Safari hii walimpigia makofi. Tulikuwa tumekosa vitu vilevile tulivyovikosa maisha yetu yote, ila sasa tulivikosa kwa Kitaliano, na watu walitembea vifua mbele.

Mimi nilikuwa najifunza kwa dhati. Nilishona sare huku nikiuliza cherehani kama kuna kitanda. Nilipolala kochini niliuliza dari kama kuna blanketi. Wakala akanipigia simu, akasema kuna familia inamtafutia mama yao mtu wa kukaa naye, na wangependa kuniona kwenye skrini. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe Kitaliano hakijui, huwa anawaandikia na kompyuta inamtafsiria, lakini amesikia mimi nina mjomba. Nije naye atafsiri.

Nilipomwambia Mjomba, aliumwa jino. Asubuhi iliyofuata jino likapona, akaumwa kiuno. Kiuno kilipopakwa dawa, ukatokea msiba wa rafiki yake wa zamani, mahali ambapo Mama hakuwahi kupasikia, wa mtu ambaye Mama hakuwahi kumsikia. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua.

"Mdogo wangu," akasema, "mtaa mzima unajua kwamba unakwenda kumtafsiria mtoto. Unataka niwaambie nini?"

Mjomba akaingia chumbani mwangu. Akatoka amevaa koti.

Ofisi ya wakala ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, kina feni iliyokuwa ikizunguka kwa kujilazimisha, maua ya plastiki, na kompyuta mezani. Wakala mwenyewe alikuwa kijana mwenye tai fupi. Alitukalisha mbele ya kompyuta, akabonyeza hapa na pale, na mwanamke akatokea. Alikuwa wa makamo, miwani ameipandisha juu ya nywele. Nyuma yake, kwenye kiti cha mikono, kulikuwa na bibi mdogo aliyefunikwa miguu, na bibi huyo alinipungia mkono kabla ya mtu yeyote kusema lolote. Nikampungia. Nikampenda papo hapo, nasema kweli.

Mwanamke akaanza kuzungumza. Alizungumza kwa muda, kwa mikono pia. Kisha akasubiri.

"Anakusalimia," Mjomba akasema.

Nikaitikia salamu. Mwanamke akazungumza tena, safari hii kwa kirefu zaidi, akimgeukia mama yake, akihesabu kitu kwenye vidole.

"Anakusalimia tena," Mjomba akasema.

"Wana adabu sana hawa watu," wakala akaninong'oneza.

Mwanamke akauliza kitu. Kwamba ni swali nilijua kwa jinsi nyusi zake zilivyopanda. Nikamgeukia Mjomba. Jasho lilikuwa likimdondoka kwenye kola ya koti. "Anauliza hali ya hewa," akasema, na kabla sijajibu akaisogelea skrini, akaonyesha darini na kusema neno moja kwa sauti kubwa, "*Sole.*" Jua. Mwanamke akaitazama dari yetu. Kisha akatazama karatasi zake, akashusha miwani machoni, akaipandisha tena. Nikaona jinsi uso wake ulivyoanza kuwa wa adabu, ile adabu ya mtu anayetafuta njia ya kuaga.

Hapo ndipo nilipojua. Mjomba hajui Kitaliano.

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakapiga kelele. Niliona miezi yote ya kochi, niliona ndoo, nilisikia ufunguo ukilia kwenye mkanda wake, na niliona chumba changu cha Italia kikiondoka polepole nyuma ya uso wa mwanamke yule. Sikuwa na la kupoteza. Nikamsogeza Mjomba kwa kiwiko, nikauliza nilichojua kuuliza.

"*C'è un letto?*"

Mwanamke alikatiza neno katikati. Akanitazama mimi, si karatasi.

"*Sì*," akasema polepole. "*C'è.*"

Sikujua amesema nini. Hilo neno hatukufundishwa. Nikaendelea. "*Ci sono coperte?*" Akatabasamu, akasema tena kitu kifupi. Nyuma yake bibi akanyanyua blanketi lake juu nilione. Kisha nikauliza lile lililonileta.

"*C'è una camera?*"

Mwanamke hakujibu kwa maneno tu. Aliinuka, akaibeba kompyuta yake, na dunia yote ya kwake ikaanza kuyumba. Tukapita ukumbini, tukapita picha za watu waliokufa, akafungua mlango mweupe. Ndani kulikuwa na kitanda kimetandikwa, kiti, dirisha lenye mwanga. Akaigeuza kompyuta nikauona mlango kwa ndani. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa. "*C'è*," akasema, kwa kila kitu alichokigusa. "*C'è. C'è.*"

Nikamgeukia Mjomba. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Anasema kipo," akasema.

"Naona, Mjomba."

"Hapana. Sikiliza. Anasema kipo." Sauti yake haikuwa ile ya darasani. Kisha, kabla hatujamzuia, aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akavuta kola ya koti ikae vizuri, akauliza taratibu sana, "*C'è posto?*"

Kuna nafasi. Aliuliza kwa ajili yake. Mwanamke alimtazama mzee huyu aliyevaa koti la baridi chini ya feni, mdomo ukafunguka, na skrini ikaganda hapohapo, mdomo wazi.

"Mtandao," wakala akasema, akaigonga kompyuta ubavuni. "Msijali. Imekwenda vizuri sana."

Tulirudi kwa miguu. Nilitembea mbele kwa hasira, yeye nyuma na koti. Karibu na kituo cha mafuta niligeuka.

"Ulikuwa ukifanya kazi gani huko?"

Akafikiri kusema huku na huku, nikaona anavyofikiri, kisha akaacha. Alisema walimpeleka kuvuna nyanya, na nyanya zikaisha. Baada ya hapo alikuwa akigonga milango. Msimu ukija anapata siku za kubeba masanduku, msimu ukiisha anagonga. Alilala pale alipoweza. Hakupata mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu mazungumzo yote yaliishia kwenye jibu.

"Na koti?"

"Kuna mlango mmoja, mama mmoja. Alisema *Non c'è* akafunga. Nikawa naondoka, akafungua tena, akanipa hili. Halafu akafunga."

Nikakumbuka *Non c'è* zake zote zile, ya mnyororo, ya mwenye kutafuna, ya kidole dirishani, ya mama mwenye huruma, na sisi tulivyocheka tukashika mbavu. Kila moja ilikuwa ya mtu. Nilikuwa na hasira naye na nilimhurumia, vyote kwa pamoja, na sijui kipi kilikuwa kikubwa.

"Umenifundisha kuomba," nikamwambia.

"Mwanangu, nimekufundisha nilichokijua."

Nyumbani walikuwa wamejaa. Mama, kinyozi, mwalimu mstaafu, Mama Mapazia, na wengine niliowajua kwa sura tu. Mama aliniuliza mbele ya wote kama mjomba wangu ametafsiri vizuri. Nilimtazama. Alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, hajui kama aingie. Neno moja langu lingemshusha kutoka kibarazani mpaka barabarani, na ufunguo ungerudi kwangu jioni hiyohiyo. Nililitafuna neno hilo. Lilikuwa tamu.

"Neno kwa neno," nikasema.

Watu wakashangilia. Mama akafuta macho kwa pindo la kanga. Mjomba akapita katikati yao bila kujipukuta suruali.

Wakala akapiga simu siku chache baadaye. Familia ilishukuru sana, yule bibi alinipenda, lakini wamempata mtu mwingine. "Wanasema unauliza vizuri mno," akaniambia kwa upole, "ila walitaka na mtu wa kujibu." Nilikuwa karakanani, nina kola ya sare mkononi. Nikaishona yote kabla ya kulia, na nikalia nimeinama, ili wenzangu wadhani natafuta sindano.

Nilimwambia Mama, Mjomba akasikia. Jioni hiyo ilikuwa ya darasa, na sikutaka kuhudhuria, lakini darasa lilikuwa kitandani kwangu, ningekwenda wapi. Nikakalia ndoo yangu. Mjomba aliingia bila koti. Ilikuwa mara ya kwanza, na alionekana mdogo, mwenye mabega ya kawaida. Mama Mapazia akamgusa kinyozi kwa kiwiko.

Tukazunguka kama kawaida. Kinyozi akauliza kama kuna kazi. *Non c'è.* Mwalimu mstaafu akauliza kama kuna maji ya moto. *Non c'è.* Mama Mapazia akauliza kuhusu mablanketi, akajibiwa vilevile, ila Mjomba hakuigiza mtu yeyote, na hakuna aliyecheka. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa na uchungu, na nilitaka aumie nao kidogo.

"*C'è una camera?*" nikamuuliza.

Mjomba akashika mkanda wake, akahangaika na kitu kilichokwama.

"*Sì*," akasema. "*C'è.*"

Kochi likalia kwa jinsi watu walivyogeuka. Mwalimu mstaafu akanyoosha kidole. "Samahani, mwalimu mwenzangu. Jibu ni *Non c'è*."

"Tumefundishwa hivyo," kinyozi akasema.

"Mimi hata nimeshaandika," akasema Mama Mapazia, akaonyesha kiganja.

Mjomba alipita katikati ya magoti yao, akaja mpaka kwenye ndoo, akanitia ufunguo mkononi. Ulikuwa wa moto kwa kukaa mwilini mwake. Hapo ndipo nilipoliona begi lake limesimama nyuma ya kochi, na koti limekunjwa juu yake, limebonyezwa katikati pa kuweka kichwa. Mama alikuwa mlangoni pa jikoni na kijiko mkononi. Nilimsubiri aseme watu watatuonaje. Alimtazama mdogo wake, akanitazama mimi, akarudi kwenye sufuria.

Nikaingia chumbani. Nikafunga, nikazungusha ufunguo kwa ndani, nikakaa kitandani. Msumari nyuma ya mlango ulikuwa mtupu. Nje mabishano yalikuwa yamepamba moto. Mwalimu mstaafu alikuwa akidai ushahidi, kinyozi akisema kama kanuni zinabadilikabadilika bora aache, na Mjomba, kwa utulivu, akiwaambia kwamba wakibisha waende wakagonge.

Wakaja kweli. Nikasikia viatu, kisha kikohozi cha mwalimu mstaafu, kisha vidole vikagonga mlango wangu kwa adabu.

"*C'è qualcuno?*" akauliza.

Nilivua viatu, nikajinyoosha kwenye godoro, mgongo ukaitika kwa furaha ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikavuta pumzi.

"*Non c'è*," nikajibu.

Nikasikia darasa zima likishusha pumzi kwa kuridhika, na nyuma yao, kutoka kwenye kochi, nikamsikia Mjomba akicheka.